Mwaka Nilioitwa Mama Nani

Ayen alipopiga simu kusema yuko Kakuma, amekuja kumzika shangazi yake na Jumamosi atapita Lodwar kunisalimu, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama ukuta wa sebule nikitafuta picha ya mtoto yeyote ambaye ningeweza kusema ni wangu. Palikuwa na kalenda ya kanisa, picha yetu ya harusi, na picha ya wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu. Wafula, mume wangu, alikuwa amejinyoosha sakafuni akitafuta ubaridi wa saruji, akauliza bila kufumbua macho, "Nani huyo?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Miaka ishirini na miwili imepita, na swali ni lile lile.

Mtoto sikupata. Nalisema hapa mwanzoni ili msomaji asiendelee kunisoma akingoja muujiza, kama walivyokuwa wakiungoja wanawake wa kanisani kwetu. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, ndoa ikiwa na sita. Wafula alikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Lodwar, nasi tulipanga chumba na sebule nyuma ya soko, chini ya mabati yaliyolia mchana kutwa kwa joto. Jumapili baada ya ibada wanawake wenzangu waliotoka "Kenya", kama wenyeji walivyopaita kwetu utadhani Lodwar iko nchi nyingine, walikuja kula kwangu. Walikuja kwangu kwa sababu moja, na hawakuificha. "Kwa Selina ndiko kusafi," walisema wakivua viatu, "hakuna wa kumwaga kitu." Nilikuwa nikiwakaangia samaki wa ziwani na kusonga ugali, na kutoka jikoni, ambako kulitenganishwa na sebule kwa pazia tu, nilisikia kila neno. Mmoja alisema labda ni hili joto, maana joto la huku laweza kuivisha yai likiwa bado ndani ya kuku. Mwingine alisema subira huvuta heri. Mama Brayo, jirani yangu, aliyekuwa na watatu na wa nne tumboni, alisema kwa uchovu wa kweli kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nilitamani nitoke na mwiko mkononi nimwambie basi anipe hiyo isiyo kazi, kazi nitaitafuta mwenyewe.

Lakini hata yeye hakusazwa. Walimwambia pua imemvimba, huyo ni mvulana. Walimwambia amekuwa mweusi, huyo atakuwa na roho mbaya. Walimwuliza kama mume wake hajui kazi nyingine nyumbani ila hiyo. Mama Brayo alinuna akala samaki, nami nikiwa nyuma ya pazia nilimwonea wivu kwa kila neno aliloambiwa. Watu wengi hawanielewi nikisema hivi. Kuna matusi ya walio nacho na matusi ya wasio nacho, na mimi nilitaka kutukanwa yale ya kwanza. Nilitaka mtu aniambie pua imenivimba. Badala yake kila mwenye duka, kila mgeni, kila mtu aliyetaka tu kuniita kwa adabu aliniuliza, "Mama nani?" nami nilitoa jibu lile lile la kucheka kidogo na kuuliza bei ya sukari.

Ndiyo sababu nilipoitwa kufundisha Kiswahili kwa wanawake wakimbizi kule Kakuma sikumwuliza Wafula mara mbili. Nilidhani kule hakuna anayenijua. Nililala Kakuma Jumatatu hadi Ijumaa, katika nyumba za walimu, na asubuhi nilifundisha kwenye chumba cha matofali ya udongo chenye ubao mmoja, mikeka sita na dirisha lisilo na kioo. Langoni alikaa mama mmoja Mturkana wa kutoka Nakalale, akiuza makaa kwa madebe, shingo yake imejaa shanga hadi kidevuni. Siku ya kwanza alinisalimu kwa lugha yake, "Ejok! Mama nani?" Nikamjibu kwa hasira ya safari, "Mama hakuna." Akafikiri kidogo. "Mtu haiwezi itwa Mama Hakuna," akasema. "Basi wewe ni Mama Nani." Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikipita, "Ejok, Mama Nani! Nani amelala poa?" na wauza maji wote wakacheka. Hakuwa na ubaya. Ulikuwa utani wa kuanzia siku, na baada ya wiki moja nilikuwa nikiitika.

Ayen alikuja darasani mwezi wa pili. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, mrefu mpaka aliinama mlangoni, ametoka Sudan Kusini na hakujua Kiswahili ila salamu. Kiarabu cha Juba ndicho alichokuwa nacho cha kuombea maji na chumvi. Alikuwa mwepesi wa kujifunza kuliko wote. Alishika neno asubuhi na mchana ukamsikia akilitumia kwa muuza nyanya. Wiki yake ya pili, wenzake walipotoka, alibaki akikunja mkeka, akaniuliza polepole, kila neno akiliweka mahali pake kama mtu apangaye vyombo: "Mwalimu. Nani yako iko na miaka ngapi?"

Nilichelewa kuelewa. Kumbe alikuwa amepita langoni siku zote hizo akisikia Mama Nani, Mama Nani, akafikiri Nani ni jina la mtoto wangu. Kazi yangu ilikuwa kumweleza. Nililipwa kwa ajili hiyo hasa, kumwambia mtu kama yeye kwamba nani ni neno la kuuliza, si jina la mtu. Chaki ilikuwa mkononi. Lakini alikuwa ameuliza akitabasamu, kama mtu anavyomwuliza mama, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mdomo ukasema, "Sita." Ayen akanyoosha mkono, vidole vikitazama juu, maana mtoto wa mtu hapimwi kwa kiganja bapa kama mbuzi. Akauinua kidogo, akaushusha kidogo, akausimamisha penye kiuno chake. "Hivi?" Nikasema, ndiyo, hivyo hivyo. Nani anakaa na nyanya yake, nikaongeza, anasoma, anapenda ndizi. Nilirudi chumbani nikala chakula changu chote, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nifike.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwalimu ana uwezo wa kuirefusha. Tulipofika kwenye maneno ya kuuliza niliandika ubaoni nini, wapi, lini, vipi, ngapi, kwa nini. Wanawake wakaimba nami. Mama Deng, aliyekuwa mkubwa wao na aliyewasaidia wageni, akainua mkono. "Mwalimu, na *munu*? Kwa Kiswahili tunasema aje?" Munu kwa Kiarabu cha Juba ndiyo nani. Nikamwambia tutafika huko. Hatukufika. Mwaka mzima nilifundisha Kiswahili kisichoweza kumwulizia mtu. Mwanafunzi akibisha mlango sikusema "Nani?" nilisema "Ingia." Nikitaka kujua aliyeleta kitabu, nilisema, "Aliyeleta kitabu asimame." Nadhani hakuna mwalimu wa lugha hii aliyewahi kulizunguka neno moja kwa bidii kama yangu.

Kisha tumbo la Ayen likaanza kuonekana. Mume wake alikuwa amekuja kutoka Juba, akakaa wiki chache akaenda, na wiki hizo zilimtosha. Mimi nilikuwa na mume kwa miaka sita. Nilimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni wa kwanza?" Akakuna alama ya chaki kwenye sketi yake. "Ndiyo, Mwalimu. Ya kwanza." Nikampongeza. Usoni nilicheka, rohoni nilimkataa. Nilianza kumchunguza kama mpelelezi. Nilijua siku aliyoanza kutafuna udongo, siku aliyoacha kukaa mkekani na kutafuta ukuta wa kuegemea. Alipoinuka aliweka kiganja nyuma ya kiuno, na mimi chumbani kwangu nilijikuta nikiinuka hivyo hivyo, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nina maumivu ya mgongo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Ayen aliendelea kuniuliza mambo ya mtoto kana kwamba mimi ni mama mwenye uzoefu. Nani alianza kutembea lini? Nani alilia sana usiku? Nikamjibu yote. Nilijibu vizuri. Halafu nilimchukia kwa kuwa yeye angepata majibu yake mwenyewe, ya kweli.

Siku yenyewe tulikuwa tukijifunza sifa. Kubwa, dogo, refu, fupi. Mlango ni mkubwa, wakasema wote. Dirisha ni dogo. Chaki ni fupi. Ilikuwa Jumatatu, nimetoka Lodwar, ambako jana yake Mama Brayo alikuwa amemleta mtoto mchanga kwangu nimshike "nipate baraka", kisha akamchukua kabla sijamshika vizuri, akisema mikono yangu haijazoea. Nikaelekeza fimbo ya ubao kwa Ayen. "Tumbo la Ayen ni..." "Ni dogo," nikajibu mwenyewe. "Mbona dogo hivi, Ayen, miezi minane? Una hakika kuna mtu humo ndani?"

Nililisema kwa utani, ule utani wa mtu anayetaka kuuma bila kuonyesha meno. Lilikuwa jambo ambalo lingesemwa pale sebuleni kwangu Jumapili na watu wakaomba chumvi. Darasani mle hakuna aliyecheka. Ayen alikunja daftari lake, akainuka na kiganja kiunoni. "Naomba ruhusa, Mwalimu," akasema. Ni sentensi niliyomfundisha wiki ya kwanza na aliitamka bila kosa. Alipotoka, Mama Deng akaniambia kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto, "Mwalimu, kwetu tumbo ya mtu hatutaji. Ukitaja, kuna kitu inasikia."

Hakurudi kesho yake, wala wiki hiyo, wala wiki iliyofuata. Mama Deng naye akaacha kuja. Ijumaa ya wiki ya pili sikupanda gari la Lodwar. Nilivuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, nikaenda kumtafuta kwao, kilo mbili za sukari mkononi. Nilikuwa na hofu, hilo ni kweli. Lakini kama nitaandika kumbukumbu hizi na kuacha jambo hili, basi afadhali nisiandike: kuna kipande cha moyo wangu kilichotaka kukuta kilio. Nilitembea nikitega sikio, na sikuwa nikitega kwa hofu peke yake.

Nilichosikia ni mtoto mchanga akidai maziwa. Ayen alikuwa kitandani juu ya shuka lililotariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi, yale mashuka wanawake wao wanayoyaita milaya, na kifuani ana msichana mdogo sana, mweusi wa kung'aa, mzima. "Mwalimu amekuja," akasema, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. Mama Deng alikuwa jikoni nje. Akatuletea asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia kavu na karanga, tukala kwa sinia moja. Nikauliza jina. "Achol," akasema Ayen, akatazama pembeni. Nilipotoka kuomba maji ya kunywa nikamwuliza Mama Deng jina hilo lina maana gani. Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. "Achol ni jina ya mtoto mwenye anakuja kama mwingine amekufa," akasema. "Amekuja kulipa." Nikauliza, mwingine yupi? "Ule msichana yake. Alibaki njiani, wakikuja. Alikuwa anatembea, alikuwa anaongea." Kisha akanitazama. "Wewe ulifikiri huyu ni ya kwanza?"

Hapo ndipo mtu mwema angerudi ndani, apige magoti, aseme yote. Nilirudi ndani. Nilikaa, nikamaliza asida, nikanyamaza. Na sikunyamaza kwa aibu tu. Nilikuwa nikimtazama Ayen nikiwaza kwamba hata msiba wake unanizidi. Kwamba yeye ana wa kumlilia, aliyetembea, aliyeongea, na mimi nina Nani asiye na hata kaburi. Nilimwonea wivu hata kwa maiti wake. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini na miwili. Kabla sijaondoka akavuta mfuko chini ya kitanda, akatoa gauni dogo jeupe, kifuani limetariziwa ndege mwekundu. "Ya Nani," akasema. "Nilishona nikingoja." Lilikuwa na urefu ule ule alioupima kwa mkono wake, penye kiuno, bila kukosea.

Mwaka ulipoisha mkataba wangu uliisha nao, nikarudi Lodwar kufundisha shule ya msingi. Achol alipokuwa na miaka miwili walipata safari ya kwenda ng'ambo. Lakini mizigo ilikuja. Kila baada ya muda, mtu wao akirudi kuzika au kuoa, alinitafuta na kifurushi: gauni, blauzi, kitambaa cha mezani, yote kwa mkono wake, yote ya Nani, na kila gauni kubwa kuliko lililotangulia. Nilishukuru kwa simu. Nilimwambia Nani amefaulu mtihani. Nguo nilizikunja kwenye sanduku chini ya kitanda, na Wafula, ambaye aliujua uongo wote, hakuwahi kuniambia nizitoe.

Jumamosi aliyoahidi, Ayen alikuja saa sita mchana. Amenenepa, amevaa miwani. Nyuma yake akashuka kwenye boda boda nyingine msichana mrefu aliyeinama langoni kama mama yake zamani, na tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Mama Brayo, ambaye bado ni jirani yangu na ambaye umri haujamfundisha kitu, alikuwa akianika nguo. "Wee!" akapiga kelele juu ya ua. "Hiyo ni mapacha! Na unapandishwa pikipiki nayo kwa hii jua? Nyinyi wasichana wa siku hizi!" Achol akatabasamu kwa shida, akavuta gauni. Na mimi, Mungu ni shahidi, nilihisi ule wivu ukiamka mahali pake pa kawaida, chini kidogo ya kifua, haujazeeka hata siku moja. Lakini tumbo sikulitaja. Nilimpa kiti penye upepo, nikamwekea maji, nikamwuliza kama anakula samaki.

Tulipomaliza kula Ayen akafungua begi lake. Alitoa milaya, shuka zima la kitanda cha watu wawili, limejaa maua toka pindo hadi pindo, na katikati ndege wawili wekundu wametazamana. Kwao msichana huwa na shuka kama hilo siku ya kuolewa. "Ya Nani," akasema. "Sasa ni mtu mzima."

Nilitazama lile shuka. Ilikuwa kazi ya miezi. Nikasema, "Ayen, Nani hayuko."

"Anarudi saa ngapi?" akauliza Achol kwa Kiswahili alichojifunza ng'ambo kwa mama yake.

"Hayuko kabisa. Hajawahi kuwako. Sina mtoto, Ayen. Sikuwahi kuwa naye."

Ayen akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akaivaa tena. "Mwalimu, mimi najua," akasema. "Najua tangu bomba ya maji. Ile wiki ya tatu. Mtu mmoja akauliza, 'Nani ameweka mtungi hapa?' Mimi nikafurahi! Nikasema, Nani ya Mwalimu amekuja! Nikaanza kutafuta mtoto katikati ya watu, naita, 'Nani! Nani!' Watu wakacheka mpaka maji ikamwagika. Mama Deng akanifundisha hiyo neno hapo hapo. Yeye alikuwa anaijua; darasani alikuuliza kwa ajili ya sisi wageni. Wewe ulikuwa umeiruka."

Wafula akatoka nje, akijifanya anakwenda kufunga bomba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kama ni ya kwanza, nikasema ndiyo. Halafu Mama Deng akakuambia. Nilikuwa nasikia kitandani. Ukarudi ndani, ukala asida, hukusema mimi ni mwongo. Basi na mimi nikatoa gauni." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Yule wangu alikuwa na nguo moja tu, Mwalimu. Nilikuwa nataka kumshonea. Ukimshonea mtu amekufa, watu watasema kichwa imeharibika. Ukimshonea mtoto ya mwalimu, hiyo ni heshima tu. Kila mwaka najua amefika wapi. Amefika hapa. Amefika hapa." Mkono wake ulipanda hewani kidogo kidogo, vidole vikitazama juu.

Nilimwonea wivu kwa mara nyingine, sitasema ya mwisho: hata uongo wangu yeye alikuwa ameutumia vizuri kuliko mimi. Kisha nikaingia chumbani nikavuta sanduku, nikalileta sebuleni, nikatoa magauni moja moja, lile dogo jeupe likiwa la mwisho mikononi mwangu. Tukayapanga juu ya milaya toka dogo hadi kubwa, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili.

Achol alikuwa akitutazama muda wote, mikono ikiwa juu ya tumbo, akigeuka kwangu, akigeuka kwa mama yake. "Mimi sielewi," akasema. "Sasa hizi nguo zote ni za nani?"

Tukamjibu kwa pamoja, mimi na mama yake.

"Ndiyo."